Kupima tovuti ya maktaba ya chuo: njia nne, na ipi ikufae lini

Barua imetoka kwa menejimenti: maktaba ifanye tathmini ya tovuti yake kabla ya bajeti mpya. Kikao kinaitwa. Mtu wa TEHAMA anasema takwimu zote ziko kwenye seva, hakuna haja ya kusumbua watu. Mkutubi wa huduma kwa wasomaji anataka dodoso, maana ndilo lililozoeleka. Mhadhiri wa sayansi ya kompyuta anapendekeza ukaguzi wa wataalamu. Kijana aliyeajiriwa juzi anataka wanafunzi wakalishwe na simu zao, watazamwe wakihangaika. Kila mmoja ana hoja, na kikao kinaahirishwa.

Andiko hili ni la yule ambaye mwishowe ataambiwa achague. Nitazipitisha njia zote nne kwenye vigezo vilevile. Ninayo ninayoipenda zaidi, na utaigundua, lakini nimeona mahali ambapo ingekuwa upotevu wa muda.

Vigezo kwanza

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotoka 1998 na kupitiwa upya 2018, kinapima urahisi wa matumizi kwa mambo matatu: mtu anafikia lengo lake? Anatumia nguvu na muda kiasi gani? Ameridhika? Kigezo cha kwanza basi ni hiki: njia hii inajibu lipi kati ya hayo matatu.

Cha pili ni gharama, yaani pesa, siku na watu. Cha tatu ni uzito wa ushahidi mezani, kwa sababu ripoti isiyomshawishi anayeidhinisha fedha itaishia kwenye droo.

Cha nne ninakiita mshono, na hiki kinahitaji maelezo kidogo. Tunachokiita "tovuti ya maktaba" ni kanzu iliyoshonwa na mafundi watano ambao hawajawahi kuonana. Ukurasa wa mbele mara nyingi umejengwa kwa programu za kutengenezea tovuti kama WordPress, Joomla au Drupal, na uko chini ya kitengo cha TEHAMA cha chuo. Katalogi katika vyuo vingi vyetu inaendeshwa na Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand mwaka 1999 na kuanza kazi 2000. Tasnifu zimehifadhiwa kwenye DSpace, programu ya hazina za kidijitali iliyotolewa na MIT pamoja na Hewlett-Packard mwaka 2002. Majarida ya kulipia yako kwa wachapishaji wenyewe, mengi yakiwa yamepatikana kupitia miungano ya maktaba kama COTUL kwa Tanzania na KLISC kwa Kenya, mengine kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Halafu kuna lango la kuingilia unapokuwa nje ya chuo, nalo lina pasiwedi yake.

Mwanafunzi hayajui hayo, na hana sababu ya kuyajua. Kwake yote ni tovuti ya maktaba. Anapopotea, mara nyingi anapotea pale anapotolewa kwenye mfumo mmoja na kuingizwa kwenye mwingine: rangi zimebadilika, menyu imepotea, anaulizwa pasiwedi ambayo hakumbuki kupewa. Kwa hiyo uliza kila njia: inamfuata mtu hadi ng'ambo ya mshono, au inamwacha mlangoni?

Njia ya kwanza: kumtazama mtumiaji akifanya kazi

Unampa mtu kazi, unamwomba aseme kwa sauti anachowaza, kisha unanyamaza. Kazi iandikwe kama shida ya kweli. "Fungua E-Resources, utafute makala kwenye JSTOR (hifadhi ya majarida mtandaoni)" haipimi kitu, umeshamwonyesha njia. "Mwalimu amekupa makala hii uisome kabla ya Jumatatu, na wewe uko hosteli, ipate" hapo ndipo kuna kipimo.

*Inajibu nini.* Kama lengo linafikiwa, na zaidi ya hapo, kwa nini halifikiwi. Kwenye maktaba moja ya chuo, mwanafunzi wa mwaka wa pili alipewa kazi ya namna hiyo kwenye simu yake. Akaona kisanduku chenye alama ya lenzi juu ya ukurasa, akabandika jina zima la makala. Hakuna matokeo. Akalifupisha, akajaribu tena. Hakuna. Akasema, "Basi hii hawana," akafungua Google. Makala ilikuwepo, tena imelipiwa. Kile kisanduku kilikuwa kinatafuta matangazo na habari za ukurasa wa mbele tu. Katalogi hakiigusi, majarida hakiyafikii. Hakuna neno hata moja pembeni yake lililosema hivyo.

Mchukue mwanafunzi huyohuyo umpe dodoso: angeandika kwamba maktaba haina makala za kutosha, na kosa la kisanduku lingehesabiwa kuwa upungufu wa majarida. Takwimu za seva zingeonyesha utafutaji mara mbili na mtu kuondoka. Sababu usingeiona popote.

*Gharama.* Pesa kidogo, muda mwingi. Kila mtu mmoja ni takriban saa nzima ya kukaa naye, na kuichambua rekodi yake baadaye kunakula zaidi. Wangapi wanatosha? Jibu maarufu ni watu watano, nalo linatokana na hesabu ya watafiti Nielsen na Landauer ya mwaka 1993: kama kila tatizo lina uwezekano wa asilimia 31 wa kumkuta mtu mmoja, watano watafichua karibu asilimia 85 ya matatizo. Lakini iangalie hiyo "kama." Uwezekano ukiwa asilimia 15 tu, watu walewale watano watafichua kama asilimia 56. Na watano hao ni wa kundi moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetafuta kitabu rafuni, wa uzamili anayetafuta makala, na mhadhiri anayepandisha chapisho lake ni watu watatu wenye tovuti tatu tofauti vichwani. Heri watano leo, urekebishe, kisha watano wengine, kuliko kumi na watano kwa mkupuo.

Mambo mawili huharibu jaribio hili kwetu. La kwanza ni Wi-Fi ya maktaba. Wachapishaji wengi hutambua mtandao wa chuo na kumruhusu mtu moja kwa moja, hivyo ukifanyia jaribio ndani ya maktaba, lile lango la nje ya chuo halitatokea kabisa na utaandika kwamba kila kitu ni shwari. Mnunulie mshiriki bando, azime Wi-Fi. La pili ni lugha. Tovuti iwe ya Kiingereza, sawa, ila mwache mtu awaze kwa Kiswahili, au kwa Sheng kama ndivyo anavyoongea. Ukimlazimisha atoe mawazo kwa Kiingereza, utapata sentensi safi na kimya kirefu katikati. Akigeuka akakuuliza, "Dada, hapa ndipo penyewe?", usimjibu ndiyo wala hapana, mwulize angekuwa peke yake angefanyaje.

*Mshono.* Inauvuka wote, kwa sababu unamfuata mtu na si mfumo.

*Uzito mezani.* Utaambiwa, "Wanafunzi watano tu?" Dawa yake ni dakika mbili za video ya mtu akishindwa kitu ambacho kila aliyekaa mezani alidhani ni rahisi. Upate ridhaa ya maandishi kabla ya kurekodi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

*Inamfaa nani.* Mwenye mamlaka ya kurekebisha anachokiona, hata kwa kiasi. Haimfai anayetakiwa kuleta kiwango cha jumla cha kulinganisha mwaka huu na ujao.

Njia ya pili: ukaguzi wa wataalamu

Jakob Nielsen na Rolf Molich waliileta mwaka 1990, na orodha ya kanuni kumi inayotumika mpaka leo Nielsen aliiweka sawa mwaka 1994: mfumo umwambie mtu kinachoendelea, uongee lugha yake, umpe njia ya kurudi nyuma, ujumbe wa kosa ueleweke, na kadhalika. Wakaguzi watatu hadi watano wanapita kwenye tovuti kila mmoja peke yake, ndipo wanakaa kuunganisha. Kila tatizo linapewa uzito, kuanzia 0, yaani si tatizo, hadi 4, yaani lazima litatuliwe kabla tovuti haijatumika.

*Inajibu nini.* Mahali ambapo watu huenda wakapotea. Ni utabiri. Baadhi ya yaliyoandikwa hayatamsumbua mtu yeyote, na baadhi ya yanayowasumbua watu kila siku hayataandikwa.

*Gharama.* Ndiyo ya haraka kuliko zote. Siku chache zinatosha, na vyuo vyenye idara ya kompyuta au ya sayansi ya habari vina wakaguzi mlangoni. Kasoro ni kishawishi cha kuwatumia wakutubi walewale walioijenga tovuti. Aliyekaa na katalogi miaka minane hawezi kuiona kwa macho ya mgeni. Kwake OPAC, yaani katalogi ya mtandaoni, ni neno la kawaida kama kiti.

*Mshono.* Wanaweza kuuvuka, lakini mara nyingi hawauvuki. Wanakagua ukurasa wa mbele, wanaingia kwa akaunti ya mfanyakazi iliyokwishafunguka tangu asubuhi, kwenye kompyuta yenye skrini pana. Wape akaunti ya mwanafunzi na simu ya bei ya chini, uone orodha itakavyorefuka.

Kuna eneo moja ambalo ukaguzi hauna mpinzani, nalo ni ufikivu kwa watu wenye ulemavu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, una vipimo vinavyokaguliwa moja kwa moja. Maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, kwa mfano, vinatakiwa kutofautiana kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 katika kiwango cha AA, yaani cha kati kati ya vitatu vya mwongozo huo. Kijivu kile chepesi ambacho wabunifu wanakipenda huanguka hapo. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, inasakinishwa kwa dakika chache. Iwashe, uzime skrini, kisha jaribu kufungua tasnifu ya zamani kwenye hazina ya chuo. Kama ni PDF iliyoskaniwa na ikaachwa hivyohivyo kama picha, utasikia kimya. Mwanafunzi asiyeona hukutana na kimya hicho kila anapojaribu kusoma kazi za waliomtangulia.

*Uzito mezani.* Unategemea majina ya waliokagua. Likija kutoka kwa profesa linasikilizwa, likija kutoka kwa mkutubi msaidizi linaitwa maoni. Si haki, lakini ndivyo vikao vilivyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye tovuti mpya ambayo haijazinduliwa, na anayetaka kuondoa makosa ya wazi kabla ya kupoteza saa za wanafunzi.

Njia ya tatu: dodoso

Nazungumzia dodoso lililopimwa. Lile la "Je, unaridhika na tovuti yetu? Ndiyo/Hapana" halimo humu. Linalotumika zaidi ni SUS (System Usability Scale), ambalo John Brooke alilitunga mwaka 1986 akiwa Digital Equipment Corporation. Lina sentensi kumi, kila moja inajibiwa kwa 1 hadi 5. Zenye namba witiri ni za kusifu, zenye namba shufwa ni za kulaumu. Kwenye witiri unatoa 1 kutoka kwenye jibu. Kwenye shufwa unalitoa jibu kutoka kwenye 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5, unapata alama kati ya 0 na 100. Si asilimia, ingawa ripoti nyingi huiandika hivyo. Wastani uliozoeleka kutajwa ni 68.

*Inajibu nini.* Swali la tatu, la kuridhika, na jinsi mtu *anavyohisi* kuhusu mengine mawili. Halikwambii kipi kibovu. Ukipata 54, umejua kuna shida, basi.

*Gharama.* Ndogo: fomu ya mtandaoni na kiungo kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Gharama iliyojificha ni kusafisha majibu. Chukua mwanafunzi mwenye haraka aliyeweka 5 kote: witiri zinampa 20, shufwa zinampa 0, alama yake 50. Aliyeweka 3 kote? Naye 50. Na aliyeweka 1 kote? 50 tena. Ukiona lundo la 50 kwenye matokeo, usikimbilie kuandika kwamba tovuti ni ya wastani. Fungua majibu yenyewe uangalie nani alisoma maswali.

Tafsiri nayo ina mtego. Sentensi za kulaumu zikiwekwa kwenye Kiswahili chenye ukanushi juu ya ukanushi, mtu anakubali alichokusudia kukataa. Wape watu wachache waisome kila sentensi na kuieleza kwa maneno yao kabla ya kuisambaza.

*Mshono.* Hapa dodoso ni pofu. Mtu anaipa alama kanzu nzima. Alikasirishwa na lango la pasiwedi, ataushusha ukurasa wa mbele. Unaweza kupunguza tatizo kwa kuuliza kuhusu katalogi peke yake na hazina ya tasnifu peke yake, ukitaja kila kimoja kwa kazi yake na si kwa jina la programu.

*Uzito mezani.* Mkubwa mno, pengine kuliko unavyostahili. Namba moja inaingia vizuri kwenye ripoti ya mwaka, na ukipima tena baada ya marekebisho una kitu cha kuonyesha. Kumbuka tu kwamba wanaojibu ni wanaoitumia tovuti. Aliyekata tamaa mwaka wa kwanza hayumo kwenye hesabu.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji kigezo cha kulinganisha kabla na baada, au anayeandika tasnifu yenye sampuli kubwa.

Njia ya nne: takwimu za matumizi

Hizi ni kumbukumbu za seva, au programu za kuhesabu ziara za tovuti kama Matomo na Google Analytics. Watu wa TEHAMA huzipenda kwa kuwa tayari zipo.

*Inajibu nini.* Watu wanafanya nini kwa wingi, saa ngapi, kwa kifaa gani. Hazina yake kubwa, ambayo wengi hawaifungui, ni orodha ya maneno yaliyotafutwa yakaleta sifuri. Hapo utakuta majina ya wahadhiri, misimbo ya kozi, "past papers," makosa ya tahajia yanayojirudia. Orodha hiyo peke yake inaweza kukupa kazi ya miezi.

Swali la nguvu na muda inalijibu nusunusu. Mtu akikaa dakika sita kwenye ukurasa wa majarida, amevutiwa au amepotea? Namba ni ileile.

*Gharama.* Karibu bure kupata, ghali kuzifasiri. Kompyuta za maabara zilizowekewa ukurasa wa maktaba kuwa wa kwanza kufunguka huhesabiwa kama ziara kila zinapowashwa. Roboti za mitandao huhesabiwa pia kama hazikuchujwa. Ukihesabu watu kwa anwani ya mtandao, chuo kizima kinaweza kuonekana kama mgeni mmoja mwenye bidii ya ajabu. Hapa pia sheria za data zinahusu. Matomo, kwa mfano, inaweza kuficha sehemu ya anwani za watumiaji, na ni vyema kuliwasha hilo tangu mwanzo.

*Mshono.* Kila mfumo una kitabu chake. Ukurasa wa mbele unaona mtu akibonyeza kiungo cha majarida, kisha haumwoni tena. Wachapishaji hutoa ripoti zao za matumizi, ila hazikuonyeshi njia ya mtu mmoja tangu alipoingia hadi alipokwama.

*Uzito mezani.* Mzuri kwa maswali ya ukubwa. Ukisema sehemu kubwa ya ziara zinatoka kwenye simu na ukionyesha mchoro, mjadala wa kama simu ni muhimu unaisha hapohapo.

*Inamfaa nani.* Mwenye tovuti iliyokwishatumika kwa muhula mzima au zaidi, anayetaka kujua aanzie wapi kuchimba.

Kwa hali yako

Kama tovuti mpya inazinduliwa mwezi ujao, takwimu huna na dodoso halina wa kulijibu. Fanya ukaguzi wa wataalamu wiki hii, rekebisha yenye uzito wa 3 na 4, kisha wakalishe wanafunzi watano na simu zao.

Kama wanafunzi wanalalamika kwamba "majarida hayafunguki" na wewe ofisini yanafunguka, acha dodoso. Tafuta wawili watatu walio hosteli au nyumbani, watazame wakijaribu kwa bando. Jibu litakuja mapema, na yaelekea liko kwenye lango la pasiwedi.

Kama mfadhili au menejimenti inataka ushahidi kwamba fedha za mwaka jana zilileta tofauti, unahitaji namba mbili zilizopimwa kwa namna moja. Hapo SUS inafaa, mradi ulipima kabla. Kama hukupima, pima sasa na useme wazi kwamba huu ndio msingi. Usitunge "kabla" kutokana na kumbukumbu za watu.

Kama wewe ni mwanafunzi wa uzamili unayeandika tasnifu juu ya jambo hili, msimamizi huenda akataka sampuli kubwa. Mpe dodoso, lakini omba nafasi ya kuwatazama watu wachache pia. Sura ya matokeo itakuwa na la kusema zaidi ya majedwali.

Kama uko peke yako, mkutubi mmoja, chuo kidogo, bajeti hakuna: anza na maneno yaliyoleta sifuri kwenye katalogi. Omba orodha kwa TEHAMA, keti nayo mchana mmoja, na uongeze viungo vya yale kumi yanayojirudia zaidi.

Na kama kinachosumbua kiko kwenye mfumo usio na mamlaka nao, tuseme jukwaa la mchapishaji, usitumie nguvu kupima jukwaa lenyewe. Pima hatua ya mwisho kabla mtu hajavuka kwenda huko, maana maelezo yaliyoandikwa hapo ni yako: aingie kwa namba ya usajili au kwa barua pepe, pasiwedi anaipata wapi, akikwama ampigie nani, na kama simu hiyo inapokelewa Jumapili usiku.